Wanafunzi Wetu na Vyumba vya Kupanga

Ndugu zetu, kila mwaka unapofika wakati wa kufunguliwa vyuo twawaona vijana wetu wakizunguka Sinza, Mwenge, Msewe, Changanyikeni na Ubungo, jua la saa saba likiwachoma, begi mgongoni, wakimfuata dalali nyuma. Wanatafuta chumba. Wamekosa kitanda katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au wamechoka na mabweni na wanataka kujitegemea. Kwa wengi wao hiki ndicho chumba cha kwanza maishani ambacho hapana mzazi wala msimamizi wa bweni mwenye ufunguo wake. Jambo hili laonekana dogo. Sisi twasema si dogo hata kidogo, na leo twataka kulisema waziwazi.

Tukumbuke tulikotoka. Chuo hiki kilianza mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, tena hakikuanzia katika jumba la fahari. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili. Siku zile wanafunzi walikuwa haba na kuwalaza haikuwa kazi kubwa. Leo ni maelfu kwa maelfu. Mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya ya kuchukua wanafunzi 3,840, nasi sote tulifurahi. Lakini hata hayo hayakutosha. Wanaobaki lazima waende mitaani kupanga.

Kupanga si aibu. Aibu ni kumwacha mtoto wa mkulima aende mitaani bila kumwambia kinachomngoja huko.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha posho ya chakula na malazi ya mwanafunzi mwenye mkopo kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni shilingi 600,000. Sasa tuseme kijana amepata chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo: shilingi 600,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja: shilingi 100,000. Kijana hajanunua godoro, hajala hata andazi moja, naye tayari amekwisha kutumia fedha ya miezi miwili na ana deni la laki moja! Na huyo ndiye mwenye mkopo kamili. Je, yule aliyepewa nusu, au aliyenyimwa, ambaye baba yake kauza ng'ombe ili mtoto asome?

Twajua watu watasema: mwenye nyumba naye ni mwananchi. Ni kweli. Wengi wao si matajiri. Wako wajane na wastaafu waliojenga tofali moja moja kwa miaka kumi, na kodi ya vile vyumba vitatu vya uani ndiyo pensheni yao. Hao hatuwagombezi. Wanadai kodi ya miezi mingi kwa kuwa wamewahi kuona mpangaji akihama usiku na deni lake. Lakini hofu ya mmoja isiwe kitanzi cha mwingine. Zamani palikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachiwa wapatane wenyewe. Mapatano kati ya mwenye ufunguo na mtu anayetafuta pa kulala usiku wa leo si mapatano ya watu sawa.

Kwa hiyo twasema mambo mawili. La kwanza ni kwa viongozi: jambo la kodi ya miezi sita na ya mwaka mzima lirudishwe mezani, lijadiliwe bila haya mpaka lipatiwe dawa. La pili ni kwa vijana wenyewe, maana hawawezi kukaa chini ya mwembe wakingoja sheria. Yawapasa wajiandae sasa.

Kujiandaa ni nini? Kwanza, usimlipe dalali kodi wala ada ya mwezi kabla hujakiona chumba kwa macho yako na kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Wako matapeli wanaoonyesha chumba kimoja kwa watu watano na kupokea fedha kwa wote watano. Kiangalie chumba mchana, na ikiwezekana ukiangalie tena baada ya mvua, uone maji yanapita wapi. Nyumba ya bondeni huwa rahisi wakati wa kiangazi. Masika yakija ndipo utakapojua kwa nini ilikuwa rahisi.

Pili, uliza. Maji hutoka siku ngapi kwa wiki? Choo ni cha watu wangapi? Mita ya LUKU ni yako peke yako, au mnachanga nyumba nzima? Ugomvi mwingi wa wapangaji huanza hapo kwenye umeme: mmoja ana jokofu, mwingine ana taa moja, na wote wanachanga sawasawa. Waulize wapangaji waliopo kabla ya kumuuliza dalali, kwa sababu dalali halali hapo usiku. Na dada zetu twawasihi zaidi: pimeni njia ya kutoka maktaba saa tatu usiku. Chumba cha bei nafuu chenye uchochoro wa giza si nafuu.

Tatu, andika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dai mkataba wa maandishi unaosema kodi ni kiasi gani, mpaka lini, na nani atatengeneza bati likivuja. Andika kitasa kibovu na dirisha lililovunjika siku ile ile unayoingia, mwenye nyumba atie sahihi, usije kudaiwa vitu vilivyovunjwa na wenzio wa mwaka jana. Kila shilingi unayotoa ipewe risiti. Kama mwenye nyumba hataki karatasi, mwambie kwa heshima, “Shikamoo mama, nakuheshimu kama mzazi wangu, lakini naomba tuandikiane.” Mzazi wa kweli hatakasirika.

Nne, nunua kwa kipimo. Godoro, chandarua, ndoo mbili zenye mifuniko, jiko, sufuria, kufuli imara: hivyo vyatosha kuanza maisha. Tumewaona vijana walionunua redio kubwa ya kutikisa mtaa kabla ya kununua ndoo. Mkipanga wawili au watatu kodi hupungua, ila kubalianeni mapema juu ya chakula, wageni na zamu ya kufagia. Urafiki wa darasani haujapimwa bado. Hupimwa na vyombo visivyooshwa.

Tuna neno moja zaidi, nalo huenda likawaudhi wengine. Vijana hukiita chumba hicho “geto.” Neno hili lina historia. Mwaka 1516 watawala wa Venice waliwatenga Wayahudi katika mtaa mmoja na kuwafungia malango usiku. Mtaa huo ndio ulioitwa geto. Na sisi hapa Dar es Salaam tulikuwa na yetu. Mkoloni aliugawa mji kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari penye upepo, Wahindi katikati penye maduka, Mwafrika Kariakoo na Ilala. Baba zetu walipinga utengano huo. Basi kijana anapopata ufunguo wake mwenyewe, akilala alipochagua mwenyewe, kwa nini akiite chumba chake kwa jina la gereza? Akiite nyumbani, naye aishi humo kama mtu aliye nyumbani.

Na mtu aliye nyumbani ana majirani. Hapa ndipo tunapowalaumu baadhi ya wasomi wetu. Wanaishi mtaani miaka mitatu wala hawalijui jina la mjumbe wao. Siku ya usafi wamelala. Msibani hawaonekani. Wakiibiwa ndipo hukimbilia ofisi ya Serikali ya Mtaa, na kule huulizwa, “Wewe ni nani?” Ndugu mwanafunzi, wiki ile ile ya kuhamia nenda kwa mjumbe na barua yako ya utambulisho. Sema wewe ni fulani, watoka Kasulu au Newala, wasoma chuo fulani, umepanga kwa mama fulani. Shika ufagio Jumamosi. Msaidie mtoto wa jirani hesabu zake. Mtaa utakulinda kuliko kufuli lolote, na nchi iliyokusomesha itaona imesomesha mtu wake, si mgeni.

Mwisho twawageukia wanachama wenzetu. Tawi lisilojua wanafunzi wangapi wanaishi katika eneo lake ni tawi lililolala. Kazi hii haihitaji fungu la fedha. Matawi ya mitaa iliyo jirani na vyuo yaweke daftari la wenye nyumba waaminifu walio tayari kupokea kodi ya miezi miwili miwili au mitatu mitatu, kwa dhamana ya mzazi na barua ya chuo. Mwenye nyumba atapata mpangaji anayejulikana kwao. Mwanafunzi atapata chumba bila kulipa dalali. Na kijana akikimbia deni, tutajua pa kumpata. Wazazi nanyi msione haya kupanda basi mje mkaone mtoto alalapo. Chuo kilichozaliwa ndani ya jengo la chama hakiwezi kuwa na wanafunzi wasio na mtu wa kuwapokea mjini.

Kupata ufunguo wa chumba ni kama kupata uhuru. Siku ya kwanza ni shangwe. Siku ya pili maji hayapo, LUKU imekatika, na wa kumlilia hakuna. Ndipo mtu huanza kujitawala kweli. Vijana wetu wataweza, kama tutawafundisha hesabu kabla ya kuwapa pongezi.

Uhuru na kazi.