Bi Harusi, Umekodi Stoo, Hukukodi Mlinzi



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo kwenye mipango ya harusi huwa halitajwi kabisa, nalo ni gari. Sisemei lile la kupambwa maua likampeleka bi harusi ukumbini. Nasemea gari lako mwenyewe, ulilonunua kwa jasho lako au ulilopewa mahari, ambalo siku ya kuhamia kwa mume unaliacha hapa Unguja ndani ya stoo ya kukodi, unatia kufuli, na ufunguo unauweka mkobani.

Mimi ni fundi cherehani na nina duka la nguo za harusi. Wateja wangu wengi wanaolewa nje ya kisiwa. Wengine wanakwenda Muscat, wengine Dubai, wengine Dar es Salaam tu hapo, na wachache Uingereza. Wakati wa kupima gauni ndipo maneno yanapotoka: nani atabaki na mama, vyombo vinakwenda wapi, na gari je? Zamani jibu lilikuwa "atalitumia kaka". Siku hizi nasikia sana "nimekodi stoo". Mtu ana fremu haina mpangaji, au ana banda nyuma ya nyumba, anakodisha kwa mwezi. Na kwa wanaokaa Mji Mkongwe, ambako kichochoro hakipiti hata bajaji, kukodi pahala pa kuweka gari si anasa.

Maoni yangu ni haya. Kukodi stoo si kosa, lakini kufuli si mlinzi. Kama huna maandishi, na huna mtu wa kwenda kuliangalia, basi bora uliuze kabla hujaondoka.

Kodi ni kitu kimoja, amana ni kitu kingine

Dini yetu imetenganisha mambo mawili haya, ila sisi tunayachanganya. Ukimkabidhi mtu kitu akuwekee, hiyo ni amana. Anatakiwa akilinde kama anavyolinda chake na akurudishie ukikitaka, na kikiharibika kwa uzembe wake anawajibika. Lakini ukikodi chumba, umekodi nafasi. Unalipia kuta nne, sakafu na paa. Kilichomo ndani ni chako, na kukitazama ni juu yako.

Sasa dada analipa kodi ya chumba, moyoni mwake anahesabu ameweka amana. Mwenye nyumba naye anahesabu amekodisha banda, basi. Paa likivuja masika yote maji yakadondokea kwenye gari, huyu anasema "nilikuachia wewe", yule anasema "mimi sikukabidhiwa gari". Kila mmoja anasema kweli kwa upande wake, na gari limeshaharibika.

Wenzetu wa Uingereza na Marekani wana biashara kubwa ya vyumba hivi, mtu anakodi cha kuweka fanicha au hata gari. Huko hawafichi kitu. Kwenye mkataba wanakwambia kabisa kwamba unakodi nafasi tu, kufuli ni lako, na bima ni juu yako. Na usipolipa kodi, mkataba na sheria zao zinawapa njia ya kukufungia mlango na mwisho kuviuza vitu vyako wapate deni lao. Ni masharti makali, lakini angalau mtu anayajua kabla hajatia saini. Hapa kwetu tunapeana mkono, tunasema "hakuna neno, bibie", na kila mtu anaondoka na masharti yake kichwani.

Yaliyomkuta mteja wangu

Mteja wangu mmoja, jina lake nalihifadhi, aliolewa Muscat. Gari lake aliliweka kwenye banda la mzee mmoja mwema sana, mtu wa msikitini. Kodi alikuwa akimtumia mdogo wake, na mdogo wake anaipeleka mkononi. Hapakuwa na risiti wala karatasi yoyote. Mwaka wa pili yule mzee akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Warithi wake wakabadilisha kufuli, kwa sababu kila kilichomo ndani ya nyumba walikihesabu ni mali ya marehemu mpaka aje mtu athibitishe.

Msiwalaumu haraka. Mali ya marehemu ina haki za watu ndani yake, hawawezi kumpa kila anayebisha hodi. Kadi ya gari ilikuwa na jina lake yule dada, ila ilikuwa Muscat ndani ya sanduku. Ikabidi asafiri aje mwenyewe, wakae kwa sheha na wazee. Gari alilipata. Lakini kwa kuwa hakuwa na risiti hata moja, miezi ambayo warithi hawakuwa na habari nayo ilibidi ailipie tena. Alilipa kodi mara mbili kwa banda moja, na gari lenyewe likatoka kwa kuvutwa kamba.

Hapo hapakuwa na mwizi wala dhalimu. Kilichokosekana ni karatasi moja tu.

Hesabu ya kodi

Sisi wafanyabiashara lazima tupige hesabu. Nachukua mfano tu, wewe weka bei ya kwako. Tuseme kodi ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 960,000. Kwa miaka miwili ni 1,920,000. Hapo hujanunua betri mpya, hujabadilisha matairi, hujamlipa fundi. Na wakati unalipa, gari lenyewe linazidi kushuka bei, maana mnunuzi anatazama mwaka lilipotengenezwa, hatazami miezi liliyolala.

Ndiyo maana nasema, ukijua utakaa nje zaidi ya mwaka, liuze. Pesa zake fanyia jambo jengine: nunua cherehani mbili umpe mdogo wako kazi, nunua kiwanja, au weka akiba kwa jina lako. Ukirudi kwa kheri utanunua jengine. Najua gari la kwanza lina mapenzi yake, khasa kama ni la mahari. Lakini mahari ni haki yako kwa mujibu wa Suratun Nisaa aya ya 4, na haki hiyo ni pamoja na kuiuza na kuigeuza kuwa kitu kinachokufaa zaidi. Kuhifadhi zawadi ya mume si lazima uiache iote kutu.

Gari likilala nalo linaharibika

Sisi mafundi wa nguo tunalijua hili vizuri. Ukilifunga gauni la harusi ndani ya nailoni ukalitia kabatini, kisiwani kwetu hapa, baada ya masika utalikuta lina ukungu na madoa. Nguo inataka kupumua. Gari nalo ni vile vile, na upepo wa bahari una chumvi inayoharakisha kutu.

Betri inapungua nguvu hata gari likiwa limezimwa, maana kuna vitu ndani vinaendelea kula umeme kidogo kidogo. Betri iliyojaa inasoma kiasi cha volti 12.6. Ikishuka mpaka 12 imeshakaribia kwisha, na ikikaa hivyo muda mrefu inakufa moja kwa moja. Matairi yakibeba uzito sehemu moja miezi na miezi yanabonyea. Petroli ikikaa miezi mingi inachakaa. Hendibreki ikiachwa imevutwa inaweza kung'ang'ania. Panya wanapenda nyaya na sponji za viti.

Kwa hiyo, kama umeamua kuliweka, lioshe kwanza na chini pia utoe chumvi, kisha likauke vizuri. Usiache hata punje ya chakula ndani. Jaza upepo matairi. Usivute hendibreki, weka tofali mbele na nyuma ya tairi. Mwambie fundi avue waya wa hasi wa betri kama hakuna atakayeliendesha. Lifunike kwa kava la kitambaa, usitumie nailoni.

Kama yuko wa kuliangalia, basi alitoe nje kila baada ya wiki mbili, aliendeshe nusu saa mpaka injini ipate moto sawasawa. Kuliwasha dakika tano hapo hapo na kulizima hakusaidii. Hakikisha basi kama bima yake haijamaliza muda, maana linaingia barabarani. Na jambo hili naomba mlisikie vizuri: gari lisiwashwe ndani ya stoo milango imefungwa. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua mtu kabla hajajua kinachomsibu. Hata jiko la mkaa lisikae karibu na stoo hiyo, mvuke wa petroli unawaka upesi.

Tukiwa kwenye bima, tuelewane. Ile bima ndogo ya kulipa watu wengine inamlipa uliyemgonga barabarani. Gari lako likiungua ndani ya banda hailipi kitu. Kabla hujaondoka, muulize wakala wako swali hilo moja, na jibu akuandikie.

Karatasi iandikwe vipi

Si lazima uwe na wakili. Karatasi moja ya daftari inatosha ikiwa imeandikwa vizuri. Iseme gari ni la nani, namba yake, aina yake na rangi yake. Iseme kodi ni kiasi gani, inalipwa lini na kwa njia gani. Mimi napendelea kutuma kwa simu, kwa sababu ujumbe wa muamala unabaki kuwa ushahidi. Iseme funguo za banda ziko ngapi na ziko kwa nani. Iseme paa likivuja nani anatengeneza. Iseme mwenye nyumba akiuza au akifariki, warithi wanatakiwa wampigie nani simu. Iseme mwisho wa makubaliano ni lini.

Saini yako, saini yake, mashahidi, na kwa sheha pia ijulikane. Nakala moja abaki nayo mwenye nyumba, moja mama yako, moja uondoke nayo. Piga picha za gari pande zote nne siku ya kuliingiza. Kadi ya gari iwe kwa jina lako, na nakala yake iachwe kwa mtu wako hapa.

Huyo mtu wako mchague vizuri pia. Mkubaliane kama anaruhusiwa kuliendesha kwa shughuli zake au hapana. Ugomvi mwingi wa ndugu ninaousikia dukani unaanzia hapo: mwenye gari anasema "nilikwambia uliangalie", mwenzake anasema "nimeliangalia, nimelipeleka na harusini".

"Ukiandika utaonekana huna imani"

Hili ndilo neno linalotukwamisha wanawake. Tunaona haya. Mwenye banda ni baba wa shoga yako, au ni mjomba wa mume, utamtolea karatasi vipi?

Mimi najibu hivi. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Haikuteremshwa kwa watu wasioaminiana. Walioambiwa waandikiane ni wale walioamini. Kuandika si kumshuku mtu. Ni kumsaidia mwenzako asije akasahau, asije akatuhumiwa, na akifariki warithi wake wasije wakaingia kwenye haki ya mtu bila kujua. Yule mzee wa mteja wangu angeacha karatasi, watoto wake wasingefungua kesi kwa sheha wakiwa bado wana msiba.

Na mtu akikasirika kwa kuombwa karatasi ya kodi, heri akasirike leo hujaondoka, gari liko mkononi mwako na unaweza kutafuta banda jengine.

Mabinti zangu na wadogo zangu mnaoolewa, tunawapamba kwa hina, tunawafundisha upishi na kumtunza mume. Alhamdulillah, ni mambo ya kheri. Lakini mwanamke wa Kiislamu ana mali yake, na mali inataka kujulikana iko wapi, kwa nani na kwa masharti gani. Wiki ile ya mwisho kabla ya harusi, baina ya singo na kujaribu gauni, tenga asubuhi moja. Kaa na mama yako mwandike hiyo karatasi, au mtafute mnunuzi.

Mwenyezi Mungu awajaalie ndoa zenye mapenzi na rehema, na azihifadhi mali zenu. Aamin.