"Ya kutolea" si bei ya bidhaa

Katika maduka mengi ya nchi hii, kuanzia Kariakoo hadi Magamba huko Mpanda, mkoani Katavi, mnunuzi anayetaka kulipa kwa simu huambiwa maneno yale yale: "Weka na ya kutolea." Maneno ni machache, na wananchi wameyazoea kiasi cha kutouliza tena. Lakini ndani yake mna jambo ambalo watunga sheria na wasimamizi wa fedha za nchi hawana budi kulitazama. Bidhaa moja, katika duka moja, siku moja, imekuwa na bei mbili, na ile ya pili haikuandikwa popote.

Huko Ulaya na Marekani ugomvi wa namna hii umekuwa juu ya kadi za benki. Magamba kadi ni nadra kuonekana dukani. Simu ndiyo kadi ya mkulima. Tangu huduma ya M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, aliyeuza mahindi au mpunga wake ameweza kupokea malipo bila kubeba burungutu la noti njiani. Faida hiyo hakuna anayeikana, na ndiyo sababu haifai iachwe iliwe dukani.

Yafaa kwanza mwenye duka atendewe haki. Si kila anayedai ya kutolea ni mlanguzi. Fedha iliyomo simuni si noti. Akitaka kuigeuza noti hukatwa ada kwa wakala, na faida yake katika mche wa sabuni au kilo ya sukari ni ndogo mno. Kumtaka aimeze ada yote peke yake ni kumtaka afunge duka.

Penye kasoro ni kwenye hesabu. Ada ya kutoa fedha hupangwa kwa madaraja, na kiasi kidogo hukatwa sehemu kubwa kuliko kiasi kikubwa. Tuseme wanunuzi kumi wamefika dukani tangu asubuhi, kila mmoja amenunua vitu vya shilingi 10,000, na kila mmoja ameongeza ada ya kutolea shilingi 10,000. Jioni mwenye duka hatoi mara kumi. Hutoa shilingi 100,000 kwa mkupuo na kukatwa ada moja, iliyo ndogo kuliko zile kumi zikijumlishwa. Pengine hatoi kabisa, bali humlipa mfanyabiashara wa jumla wa mjini Mpanda kwa simu ile ile. Na huyo naye, kwa mtindo uliokwisha enea, humwambia aweke ya kutolea. Shilingi ile ile imelipiwa ada ya kutolewa mara mbili, nayo haijatoka bado. Kinachobaki mkononi mwa muuzaji hakiwezi kuitwa gharama. Ni faida iliyoingia kwa mlango wa uani, na waliotozwa zaidi ni wale wanunuao kidogo kidogo, yaani maskini.

Ni ajabu kwamba tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 ilipigiwa kelele nchi nzima hata Serikali ikaipunguza mwaka huo huo, na kuipunguza tena mwaka 2022, ilhali tozo hii ya kaunta, isiyopitishwa na Bunge wala kuingia hazina, imepita kimya.

Hapana anayetamani kurudi enzi za Sheria ya Kudhibiti Bei ya mwaka 1973, wakati Tume ya Bei ya Taifa ilipopanga bei za bidhaa chungu nzima na bidhaa zenyewe zikatoweka madukani. Sheria zilizopo zinatosha kuanzia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeipa Benki Kuu mamlaka ya kuzisimamia kampuni zinazotoa huduma za malipo. Kinachokosekana ni kanuni iliyo wazi itakayomfikia muuzaji na mnunuzi wanapokabiliana kaunta.

Nchi nyingine zimekwisha kupita njia hii, na haifai kunakili hatua yao ya mwisho na kuiacha ya kwanza. Uingereza ilipiga marufuku nyongeza ya malipo ya kadi kwa wanunuzi wa kawaida tarehe 13 Januari 2018, lakini kabla ya hapo, mwaka 2015, Umoja wa Ulaya ulikwisha weka kikomo cha ada zitozwazo baina ya mabenki: asilimia 0.2 kwa kadi za akiba na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Mzigo ulipunguzwa kwanza juu ya bega la mwenye duka, ndipo akakatazwa kuusukuma kwa mteja. Australia iliruhusu nyongeza hiyo mwaka 2003, ikaona wauzaji wanavuka mpaka, na mwaka 2016 ikaamuru isizidi gharama halisi. Marekani iliikataza kwa sheria mwaka 1976, ikaiacha sheria hiyo iishe mwaka 1984, na tangu hapo majimbo yake yamekuwa kila moja na lake.

Kwa Tanzania, utaratibu wa Ulaya ndio unaofaa. Kampuni za simu zimekwisha kuanzisha namba za malipo za wafanyabiashara, na mfumo wa TIPS wa Benki Kuu unaunganisha mabenki na mitandao. Benki Kuu na iweke kikomo cha chini cha makato anayotozwa mwenye duka mdogo anapopokea malipo kwa namba hiyo na anapoitumia fedha hiyo kununua mzigo. Kikomo hicho kikianza kutumika, ya kutolea ipigwe marufuku kwa bidhaa zote za rejareja. Kabla ya siku hiyo, atakayeitoza aibandike ukutani kwa tarakimu, mahali mnunuzi ataiona kabla hajafungua simu yake, na isizidi makato anayokatwa kweli. Kazi ya kukagua ibandiko hilo haihitaji tume mpya. Ofisa biashara wa halmashauri hupita madukani kukagua leseni, na anaweza kusoma karatasi iliyo ukutani katika ziara hiyo hiyo.