Cheni Ipimwe Kabla Haijakatika

Tanga ni mji wa baiskeli, na sifa hiyo ina sababu zake. Ardhi ni tambarare. Kutoka Raskazone hadi Chumbageni, Ngamiani mpaka Makorora, hakuna kilima cha kumkata mtu pumzi, na barabara za Ngamiani, zilizopangwa kwa mistari na kuitwa kwa namba, humfikisha mtu aendako bila kuzunguka. Mwalimu huenda nayo shuleni. Mama mwenye baibui huenda nayo sokoni Mgandini. Mchuuzi wa samaki huondoka nayo mwaloni Deep Sea asubuhi, mzigo ukiwa umefungwa kwenye karia. Katika miji mingi ya Tanzania mwanamke anayeendesha baiskeli bado hukodolewa macho. Tanga hilo ni jambo la kila siku.

Mji uliozoea baiskeli kiasi hicho ungetarajiwa kuwa hodari wa kuzitunza. Hali haiko hivyo.

Kwa miongo mingi baiskeli ya mwambao ilikuwa ya aina moja: fremu nzito ya chuma, gia moja, matairi ya inchi 28. Ilikuwa Raleigh ya Nottingham, au Phoenix ya Shanghai, au Hero ya Ludhiana, kampuni ya Kihindi iliyoanza mwaka 1956. Baiskeli hizo zilivumilia mengi. Cheni ilikuwa pana, ikienda kwenye mstari mmoja, mara nyingi ndani ya kifuniko cha bati kilichoikinga na mchanga. Siku hizi zimejaa pia baiskeli za gia, zile za milimani zenye matairi mapana yenye meno, nyingi zikiwa za mtumba. Ni nyepesi, na vijana wanazipenda. Tatizo ni kwamba zinatunzwa vilevile kama Phoenix ya babu: mtu anaendesha hadi kitu kikatike, ndipo anamkumbuka fundi. Baiskeli ya gia haiwezi kuishi hivyo, na kando ya bahari hata kidogo.

Tangu kuzaliwa kwake, baiskeli ya milimani imeambatana na grisi. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walikuwa wakipandisha baiskeli nzito za zamani mlimani na kuteremka nazo kwa kasi kwenye njia za vumbi. Breki zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, na mteremko ulizipasha moto hadi grisi ikaungua na kutoka moshi. Kila baada ya kushuka, habu ilibidi ifunguliwe na kupakiwa grisi upya. Njia yao maarufu, ambako mashindano yalianza mwaka 1976, ikaitwa Repack kwa sababu hiyo hiyo. Wazazi wa baiskeli hii walijua kwamba baada ya kuiendesha inafuata kazi ya kuifungua, kuisafisha na kuipaka. Ujuzi huo haukusafiri pamoja na kontena za mtumba.

Sehemu ya kwanza kuumia ni cheni. Cheni ya roli tunayoitumia leo ilibuniwa na Hans Renold huko Manchester mwaka 1880, na namna yake ya kuchakaa haijabadilika. Watu husema imevutika. Kwa kweli chuma chake hakivutiki. Kinachotokea ni kwamba kila pini inalika kidogo ndani ya tundu lake, na zikijumlishwa pini zaidi ya mia moja, cheni nzima inarefuka. Mchanga ndio msasa wenyewe. Anayetoka Mwambani au Tongoni kwa njia za pembeni anabeba mchanga mwembamba wa pwani kwenye cheni, na ukikuta oili nzito, unachanganyika nayo na kuwa rojo linalosaga chuma kila pedeli inapozunguka.

Ndiyo maana desturi ya kumwagia cheni oili chafu, ile iliyomwagwa gereji kutoka kwenye injini za magari, inapaswa kukoma. Ni ya bure au karibu na bure, na cheni inang'aa kwa siku mbili. Lakini oili hiyo imebeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini ilimotoka, na kwa kuwa ni nzito na inanata, inakamata kila punje ya mchanga barabarani. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi kuukuu, ikaushwe, kisha kila pini itiwe tone la oili nyepesi na safi, ile ya cherehani ikiwa hakuna nyingine. Baadaye ifutwe kwa kitambaa hadi nje ikauke kabisa. Oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani.

Kupima cheni hakuhitaji kifaa cha dukani. Tepu ya chuma ya seremala inatosha, maana ina inchi upande mmoja. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi. Basi pingili 24 za cheni mpya ni inchi 12 kamili, yaani futi moja. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, vuta cheni ikaze, soma ilipo pini ya 24 baada ya hiyo. Ikiwa juu ya alama ya 12, cheni ni nzima. Ikiwa imepita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, kama milimita moja na nusu hivi, wakati wa kununua cheni mpya umefika. Ikiwa imepita kwa moja ya nane, yaani milimita tatu, umechelewa: meno ya friwili nayo yameliwa kwa kuifuata cheni mbovu, na cheni mpya ikifungwa juu yake itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu.

Hapo ndipo hesabu ya mwenye baiskeli inapoharibika. Aliyebadilisha cheni kwa wakati amenunua kitu kimoja. Aliyesubiri ananunua cheni na friwili, na akisubiri zaidi anaongeza meno ya mbele, ambayo kwa baiskeli nyingi za mtumba hayauzwi peke yake bali pamoja na mikono ya pedeli. Mara nyingi fundi hulaumiwa kwamba amefunga cheni feki kwa sababu inaruka, kumbe cheni ni nzuri na meno ndiyo yaliyokwisha.

Baada ya mchanga, adui ni chumvi. Hewa ya Tanga ni ya unyevu mwaka mzima, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo chuma chenye vumbi la chumvi hakikauki hata siku ya jua. Tazama baiskeli ya mchuuzi wa samaki: maji ya barafu na chumvi yanadondoka kutoka kwenye mzigo moja kwa moja hadi kwenye spoku, ringi na habu ya nyuma. Spoku hupata kutu pale zinapoingia kwenye ringi, zikakatika moja baada ya nyingine, na kila inayokatika inaziachia jirani zake mzigo wake. Ndoo moja ya maji baridi baada ya kazi, kisha kitambaa kikavu, vingeongeza umri wa gurudumu hilo sana. Mashine ya maji yenye kasi inayotumika kuoshea pikipiki isielekezwe kwenye habu wala kwenye ekseli ya pedeli, kwa maana inasukuma maji ndani na kutoa grisi nje.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani. Baiskeli nyingi za gia zina bomba la siti la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, au kinyume chake. Metali mbili tofauti zikigusana penye chumvi na unyevu, moja inaliwa na kuota ungaunga mweupe, na bomba linashikana na fremu kabisa. Wapo waliouza fremu nzima kwa sababu siti haikuweza kupandishwa wala kushushwa tena. Kinga yake ni kuchomoa bomba mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na kulipaka grisi. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.

Gololi nazo zina kanuni yake. Katika habu za kawaida, za nyuma ni za robo inchi na za mbele ni za tatu ya kumi na sita. Fundi akifungua na kukuta mbili zimepasuka, asibadilishe hizo mbili tu. Mpya ni kubwa kidogo kuliko zilizolika, kwa hiyo zitabeba uzito wote peke yake na kuharibu kikombe. Zibadilishwe zote, na bei ya gololi ni ndogo mno kuwa kisingizio.

Kwenye matairi, wanunuzi wengi wanapoteza fedha kwa kuamini inchi. Tairi la inchi 28 la baiskeli ya zamani na tairi la inchi 29 la baiskeli mpya ya milimani yanakaribiana kwa jina, lakini hayavaliani. La kwanza linakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635, la pili ni 622. Lile la kawaida la milimani, la inchi 26, ni 559, na siku hizi kuna 27.5 ambalo ni 584. Namba hizi zimechapwa ubavuni mwa tairi, zikitanguliwa na upana, mfano 50-559. Mwenye baiskeli aiandike namba hiyo kwenye simu kabla ya kwenda dukani. Na anayechagua mtumba achukue ile ya inchi 26, ambayo matairi yake yamezoeleka madukani, hata kama ile ya 29 inavutia zaidi macho. Vivyo hivyo shokapu za mbele: kwa barabara za Tanga mjini hazina kazi kubwa, na zile za bei nafuu huota kutu haraka. Uma wa chuma usio na shokapu ni chaguo bora hapa.

Mambo hubadilika ukiacha mwambao. Kutoka Muheza kupanda Amani, au kutoka Mombo kwenda Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, gia zote zina kazi na breki zina kazi zaidi. Raba za breki zinakwisha haraka kwenye mteremko wa Usambara, hasa wakati wa mvua, tope linapokaa kati ya raba na ringi. Raba iliyokwisha inaacha chuma chake kikwaruze ringi, na ringi iliyokonda ubavuni inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi. Baiskeli zenye breki za diski zinazotumia mafuta zinahitaji tahadhari nyingine: nyingi, zikiwemo za Shimano, hutumia mafuta ya madini, na ukizijazia mafuta ya breki ya gari mipira yake ya ndani inavimba na kuharibika. Kosa hilo likigundulika mteremkoni, linagundulika kwa gharama kubwa.

Kwa nini basi haya hayafanyiki katika mji wenye mafundi kila kona? Jibu liko kwenye namna fundi anavyolipwa. Analipwa kwa kuziba pancha, kwa kufunga kilichokatika, kwa kunyoosha ringi iliyopinda. Hakuna anayemlipa kwa kutazama. Akisema cheni imefikia ukomo, mteja anadhani anatafutiwa ulaji. Akinyamaza, baiskeli itarudi imekatika na yeye atapata kazi. Si haki kumtegemea mtu ajinyime riziki ili atutunzie mali yetu.

Mfano wa njia nyingine upo. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami iliyopiga Sri Lanka na nchi nyingine za Bahari ya Hindi, lilipokuja Afrika halikuishia kugawa baiskeli. Katika Zambia, Malawi, Kenya na kwingineko lilifundisha mafundi na kuhakikisha vipuri vya baiskeli yake, Buffalo, vinapatikana. Baiskeli yenyewe ilitengenezwa nzito na rahisi kusudi fundi wa kijijini aimudu. Tanga haihitaji kungoja msaada wa aina hiyo, maana mafundi inao tayari.

Wapo watakaosema mchuuzi anayepata riziki ya siku hawezi kununua cheni ambayo bado inazunguka. Hoja hiyo ina uzito, na inastahili jibu la vitendo. Mchuuzi huyo hahitaji gia saba kwenda Deep Sea na kurudi. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hutoa gia zote, wakakata cheni kwa urefu unaofaa na kuacha gia moja. Mabingwa wa baiskeli hucheka kazi hiyo. Kwa mji tambarare wenye chumvi ni uamuzi wa busara, kwa sababu vipuri vinavyochakaa vinapungua na gharama inashuka. Anayebaki na gia kwa kuwa anapanda Amani, huyo agharimie matunzo yake.

Halmashauri ya Jiji la Tanga itenge vibanda vya mafundi wa baiskeli karibu na masoko, mahali penye kivuli na maji baridi ya kuoshea. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi yenye chuo hapa mjini, ina uwezo wa kuandaa kozi fupi ya jioni kwa mafundi hawa, wafundishwe kupima cheni, kusoma namba za matairi na kufungua breki za diski, kisha wapewe cheti cha kutundika kibandani. Na wateja wakubali ada ndogo ya ukaguzi, kabla ya masika na kabla ya vuli. Fundi akipima cheni, akazungusha magurudumu, akakagua raba za breki na kusema kila kitu ni kizima, amefanya kazi, na alipwe.