Mgeni Akiuza Motokaa Siku ya Safari

Wiki hii sitaandika juu ya mahindi wala bei ya maziwa. Jirani yangu mmoja amepata taabu, na katika taabu hiyo mimi mwenyewe nina sehemu. Heri niieleze hapa kuliko kuinyamazia, ili mwingine asitumbukie katika shimo lile lile.

Kimumu, kama mjuavyo, iko kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Iten, nasi tumezoea wageni. Wengine huja kufanya mazoezi ya mbio, wengine huja kufundisha, na wengine huizunguka Afrika ya Mashariki mwaka mzima au miwili kabla ya kurudi kwao. Mgeni wa namna hii mara nyingi hununua motokaa, kwa kuwa kukodi kila siku humaliza fedha. Siku ya kurudi ikikaribia, hana budi kuiuza. Jambo hili si geni katika Uasin Gishu. Makaburu waliofika hapa mwaka 1908 walikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na wengi wao walipoondoka karibu na wakati wa Uhuru wa mwaka 1963, nao iliwapasa kuamua kipi wachukue na kipi wauze. Mtu anayeondoka hana nguvu ya kungoja, na mnunuzi anajua hivyo.

Basi, bwana mmoja mgeni alipanga nyumba karibu nasi. Motokaa yake ilikuwa Toyota yenye nambari za Kenya. Aliinunua Nairobi, akaenda nayo Kampala, Mwanza na Mombasa. Mwezi mmoja kabla ya safari yake, mwalimu mmoja alimtajia bei nzuri. Yeye akajibu, "Ningoje kidogo," maana alitaka kwanza kuliona Ziwa Turkana. Aliporudi, mwalimu alikuwa amekwisha kununua nyingine, na siku zilizosalia zilikuwa 3 tu. Ndipo jirani yangu, ambaye ni karani kama mimi, alipomwendea usiku na kutaja bei isiyofika nusu ya ile ya mwalimu. Mgeni alinung'unika, kisha akakubali.

Niliitwa kuwa shahidi. Nikaandika hati ya mauzo kwa mwandiko wangu, ambao tangu shule ya misheni umekuwa ukisifiwa, nasi sote watatu tukatia sahihi. Jirani akaniuliza, "Bwana, je, hatutabadili jina kwanza?" Nikamjibu, "Hayo ni ya baadaye. Kitabu cha gari si unacho mkononi?" Mgeni akapokea fedha zake, na kesho yake akapanda ndege. Tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Miezi 8 baadaye binti wa jirani aliitwa Chuo Kikuu, na baba akaona afadhali auze motokaa ili apate karo. Mnunuzi alikuja, akaipenda. Lakini alipotazama katika daftari la serikali, jina alilolikuta ni la mgeni aliye ng'ambo. Akashukuru kwa chai, akaenda zake. Ikabidi wauzwe ng'ombe wawili wa maziwa. Mke wa jirani, ambaye ndiye aliyekuwa akiwakama kila alfajiri, siku hizi akinikuta njiani hunisalimu kwa adabu, lakini hasimami.

Tulimwandikia mgeni, naye akajibu upesi, maana si mtu mwovu. Lakini simu yake ya Kenya ilikuwa imekwisha kukatwa, na kila alipojaribu kufungua akaunti yake, nambari ya siri ilitumwa kwa simu ile ile. Mpaka leo jambo hili halijamalizika.

Sasa nieleze sheria, ambayo mimi karani nilipaswa kuijua tangu mwanzo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, husema kwamba mtu ambaye jina lake limeandikishwa huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Gari likiisha kuuzwa, aliyeandikishwa ana siku 7 za kumjulisha Msajili, na gari lisiendeshwe barabarani kupita siku 14 kabla mwenyewe mpya hajaandikishwa. Kwa hiyo wote wawili wamo hatarini. Mnunuzi huendesha kinyume cha sheria, na muuzaji, hata akiwa amelala kwao Ulaya, ndiye atakayetafutwa kwanza gari lake la zamani likimgonga mtu.

Kazi yenyewe ya kuhamisha jina si kubwa. Mambo ya NTSA yalihamishiwa eCitizen mwaka 2023. Muuzaji huanzisha ombi katika akaunti yake, mnunuzi hulikubali katika yake, na ada hulipwa. Lakini lazima wawili hao wapatikane. Kwa hiyo mgeni aanze kutafuta mnunuzi miezi miwili kabla ya safari, wala asiifunge simu yake mpaka jina limebadilika. Naye mnunuzi atafute kwanza habari za gari katika daftari la serikali, aone jina la nani limo, na kama jina la benki limeandikwa pamoja nalo. Kisha ainame mwenyewe alinganishe nambari ya injini na ya chasisi na zile zilizoandikwa kitabuni. Bima ya muuzaji asiidhanie kuwa ni yake. Akate bima mpya kabla ya kutia gari barabarani.

Liko jambo moja zaidi. Wageni wengine huja na motokaa zao kutoka mbali, zenye nambari za kigeni, nazo huingia kwa kibali cha muda bila kulipiwa ushuru. Motokaa kama hiyo haiuzwi hapa kama kuku sokoni. Lazima itoke nchini, au Mamlaka ya Mapato ikubali na ushuru ulipwe. Tena Kenya haiandikishi gari lililoletwa likiwa limepita miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto, isipokuwa machache ya kazi maalumu. Ukiuziwa gari la namna hiyo kwa bei ya mbuzi, jua kwamba umenunua mzigo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na kalamu, karatasi na mwandiko mzuri, lakini daftari lenyewe sikulifikia. Jirani alifurahi kupata motokaa kwa bei nusu, na nusu iliyobaki ameilipa kwa ng'ombe wake. Mgeni akikuambia kwamba ndege yake ni kesho, mwambie kwa upole, "Karibu, bwana, lakini tuanze na jina." Akikataa, mtakie safari njema, nawe upande matatu yako.