MSEMA PWEKE HASHINDWI

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti la chama chetu nijibu maneno yaliyosemwa katika mkutano wetu uliopita. Lilipoletwa shauri la kununua vitabu vya maktaba yetu ndogo, mwenzetu mmoja alisimama akasema fedha zote zitumike kwa vitabu vya hesabu na sheria za kazi, kwa kuwa mashairi na tarikhi za kale hazimpandishi mtu cheo. Mwingine akasema vitabu vya wataalamu havina faida, maana habari za kwetu tumekwisha kuzisikia kwa wazee wetu. Watu wakawapigia makofi wote wawili. Mimi nilinyamaza siku ile, na kunyamaza kwangu kumeniudhi tangu hapo.

Nawauliza mabwana hawa: sisi makarani hupeleka kwa mkubwa jalada lenye barua za upande mmoja tu? La, hata kidogo. Basi, tarikhi nayo ni jalada. Vitabu, tenzi na masimulizi ni shahidi wa kwanza. Sayansi, yaani kuchimba ardhi, kuchungua sarafu na kupima mifupa, ni shahidi wa pili. Amfukuzaye mmoja wao ataka kusema peke yake, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba msema pweke hashindwi.

Nitatoa mfano mmoja: Kilwa. Iko tarikhi ya kale ya mji huo, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Yasimulia juu ya majahazi saba yaliyotoka Shiraz, na juu ya kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo. Wataalamu wengi wa zama za ukoloni wakaishika habari hii peke yake, wakasema miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni, na kwamba Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Tukafanyaje sisi? Baadhi yetu tuliona fahari kudai ukoo wa ng'ambo na kumwita jirani mshenzi. Baadhi tulikasirika, tukasema kitabu chote ni uongo. Makundi yote mawili yaligombana kwa shahidi mmoja.

Ndipo likaja jembe. Katika kisiwa cha Pate, mahali paitwapo Shanga, wachimbaji wa miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, hata kufika karne ya 8. Mji haukushushwa kutoka melini. Ulikua palepale, kama mti. Usione vyaelea, vimeundwa, na waundaji walikuwa wenyeji.

Lakini wapenda sayansi wasijivune, kwani jembe nalo hukosea. Bwana Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alikadiria kwamba mfalme Ali bin al-Hasan alitawala karibu na mwaka 1200, si zamani kama tarikhi isemavyo. Mwaka 1984 zikaonekana huko Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na jina la Ali bin al-Hasan limo, pamoja na sarafu za dhahabu za kigeni zilizomrudisha nyuma hata karne ya 11. Kitabu kilichodharauliwa kikapata mtetezi ndani ya ardhi.

Mwaka 2023 wataalamu wakatangaza walichokiona katika mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani. Walipima vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo mwilini. Wakaona kwamba kwa wengi wa watu wale zaidi ya nusu ya urithi ulitoka kwa wahenga wa Kiafrika, hasa wanawake; na kwamba urithi wa Asia, ulioanza kuchanganyika karibu na mwaka 1000, ulitoka hasa kwa wanaume wa Uajemi. Basi mgeni alikuja kweli, na mwenyeji alikuwapo kweli. Mwenye kujitapa ameshindwa, na mwenye hasira ameshindwa vilevile.

Nawe bwana uliyetutajia wazee, sikiliza, nawe una haki yako. Masimulizi ya wenyeji wa Kilwa, yaliyoandikwa kwa Kiswahili zama za Wadachi, yasema mgeni yule alimwoa binti wa Mrimba, mzee wa kisiwa. Habari hiyo ya mama mwenyeji ilikuwa vinywani mwa wazee kabla haijapatikana katika mifupa. Lakini kama isingaliandikwa ingalikufa pamoja nao, na kama mifupa isingalipimwa mngaliambiwa ni ngano.

Yako mambo ambayo mizani ya mtaalamu haiyapimi kabisa. Mchimbaji atakuonyesha zidaka katika kuta za nyumba zilizoanguka, na vipande vya vyombo vya China, naye atakutajia karne yake. Hawezi kukwambia moyo wa mtu aliyeona nyumba zile zikiwa tupu. Kwa hilo nenda kwa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi juu ya magofu ya Pate. Huyo akufundisha jinsi utajiri unavyomdanganya mwenyewe.

Tena tusisahau: mifupa mingi iliyopimwa ni ya makaburi ya wakubwa, na vitabu vingi viliandikwa na wakubwa. Mtumwa aliyebeba mawe ya kuta zile hana kaburi lenye jina wala utenzi wake. Shahidi wa tatu hajaitwa bado, na hataitwa na watu wasomao vitabu vya hesabu tu.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu. Fedha za vitabu zigawanywe, na sehemu moja iwe ya tarikhi, tenzi na sayansi. Kila mwanachama aendapo likizo aandike masimulizi ya mzee mmoja wa kwao, pamoja na jina la mahali na tarehe ya kuandika. Na yeyote aonaye makaburi ya kale yakivunjwa ili mawe yake yajengewe nyumba asipite kimya kama nilivyonyamaza mimi mkutanoni.

Cheo huisha siku ya kustaafu. Asiyejua alikotoka atastaafu akiwa mgeni katika nchi yake mwenyewe.

Wasalaam,
Mimi wenu,
KARANI WA MASJALA