Mama na Sheria: Sinyatiri ya mdhamini si salamu

Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja muuza vitenge wa soko la Kadutu, hapa Bukavu. Wifi yake, dada wa bwana, alikopa dola 800 kwenye koperative moja ya akiba na mikopo ili afungue biashara ya unga. Ajenti akamletea mama karatasi: "Mama, tia tu sinyatiri hapa, ni formalite." Akatia. Leo wifi amehamia Kalemie, simu yake haipiti, na ajenti anadai dola 1140 pamoja na malipizi ya kuchelewa. Amesema asipolipwa kabla ya mwisho wa mwezi atakuja na gari kuchukua friji na televizyo. Mama anauliza: "Mimi sikukula hata franka moja ya ile feza. Ninalipa nini?"

Tuanze na lile lisilofurahisha. Katika nchi yetu mapatano bado yanaongozwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya zamani kuliko babu zetu wengi, nayo inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kisheria ni sheria kwa wale walioyafanya. Mdhamini, ambaye kwenye benki wanamwita kosyo, ameahidi hivi: mwenzangu asipolipa, nitalipa mimi. Sheria haimuulizi kama alikula feza. Tena, tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria ya OHADA ya mwaka 2010 juu ya dhamana inamhesabu mdhamini kuwa amefungwa kamba moja na mkopaji. Kama karatasi haisemi kinyume, koperative hailazimiki kumaliza kwanza mali ya wifi ndipo imgeukie mama. Kwa hiyo jibu la "sikukula feza" halitamwokoa mbele ya juji.

Lakini sheria hiyo hiyo imemlinda mdhamini mahali ambapo wamama wengi hawajawahi kuonyeshwa. Inasema dhamana haikisiwi. Inathibitishwa na karatasi ambamo mdhamini mwenyewe, kwa mkono wake, ameandika kiasi cha mwisho anachokubali kulipa, mara mbili: kwa tarakimu na kwa maneno. Kiasi hicho kinafunika yote, mkopo pamoja na riba na malipizi. Tarakimu na maneno yakipishana, maneno ndiyo yanahesabiwa.

Mama, rudi sasa kwenye karatasi yako. Kama uliandika kwa mkono wako "dola mia nane", basi mia nane ndiyo mwisho. Zile 340 za juu wazitafute kwa wifi, si kwako. Na kama hukuandika chochote, kiasi kilichapishwa kwa mashine na wewe ukaweka sinyatiri tu chini, hapo karatasi yao ina ugonjwa, na avoka ana la kusema mbele ya tribinali. Usiende kwa ajenti kumwambia kwamba umegundua kasoro. Nenda kwanza kwa avoka, au kwenye ofisi zinazosaidia wasio na uwezo bila malipo.

Je, mama asiyejua kuandika? Huyu sheria haikumsahau. Anapaswa kusaidiwa na mashahidi wawili, ambao wanathibitisha ndani ya karatasi kwamba ni yeye kweli, kwamba alikuwapo, na kwamba alielezwa dhamana ni nini na itamletea nini. Kidole gumba kwenye wino, bila mashahidi hao, hakitoshi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za sheria hii, na ndiyo inayorukwa kila siku. Ajenti ana haraka, karatasi ni ya Kifaransa, na mama anaona haya kusema "nisomee".

Kuna na jambo la kunyamaziwa. Koperative haiwezi kukaa kimya miezi mitano kisha ikatokea na hesabu iliyonenepa. Ikishamwandikia mkopaji barua ya kumtaka alipe na asilipe, ina mwezi mmoja wa kumjulisha mdhamini kwamba mwenzake ameshindwa na ni kiasi gani kimebaki. Isipofanya hivyo, inapoteza kwa mdhamini riba ya kipindi ilichonyamaza. Na wakimpeleka mama tribinali, lazima wifi naye aitwe katika kesi hiyo, hata kama yuko Kalemie.

Sasa hilo gari. Hakuna ajenti mwenye haki ya kuingia nyumbani kwako na kubeba friji. Kukamata mali ya mtu kunahitaji hukumu, au hati nyingine ambayo sheria imeipa nguvu ya kutekelezwa, na anayekamata ni wisiye, si ajenti wa mikopo na vijana wake. Akija mikono mitupu, mwombe hati hiyo kwa adabu, mbele ya majirani. Kama hana, arudi alikotoka.

Wengine watauliza habari ya bwana: mbona hakuombwa ruhusa? Zamani, chini ya Sheria ya Familia ya mwaka 1987, mke alihitaji ruhusa ya mume ili ajifunge kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa hiyo. Leo wanandoa wanapaswa kupatana, mume kwa mke na mke kwa mume, na wasipopatana wanaweza kwenda Tribinali ya Amani. Kwa hiyo bwana naye, anapotaka kumdhamini rafiki yake, anapaswa kuongea nawe kwanza. Mweleze polepole, baada ya chakula.

Mwisho, kama hesabu imeonyesha kwamba ni lazima ulipe, usilipe mkononi mwa ajenti barabarani. Kwanza mjulishe wifi, kwa barua au ujumbe unaobaki, kwamba unataka kulipa deni lake. Ukilipa bila kumjulisha, kumbe naye amelipa upande wake, unaweza kukosa haki ya kumdai. Kisha lipa kwenye kaisi ya koperative, na risiti iseme wazi kwamba mlipaji ni wewe mdhamini, kwa deni la fulani. Karatasi hiyo inakupa haki zote ambazo koperative ilikuwa nazo juu ya wifi. Kama kulikuwa na mdhamini mwingine aliyetia sinyatiri pamoja nawe, unaweza kumdai naye sehemu yake.

Juma lijalo: vikundi vya AVEC ambamo wamama 20 wanadhaminiana wote kwa pamoja, na mmoja anahama usiku. Mwenye nakala ya mkataba wa kikundi chake ailete ofisini siku ya Jumatano, tuisome pamoja.