Mlima Usiotiririsha Maji: Funzo la Uwanda wa Makonde

Mtanzania akitajiwa neno mlima, fikra zake hukimbilia Kilimanjaro. Si ajabu. Kilele chake cha mita 5,895 ndicho kirefu kuliko vyote barani Afrika, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ndiko Luteni Alexander Nyirenda alikoupeleka Mwenge wa Uhuru. Tangu hapo Kilimanjaro umekuwa nembo yetu: jina lake tumelipa maji ya chupa, bia, hoteli na viwanja vya ndege. Sina ugomvi na mlima huo. Ugomvi wangu ni na fikra tuliyoijenga juu yake, kwamba mlima ni kimo, ni theluji, ni mgeni mwenye kamera na dola, na kwamba ardhi isiyokuwa na hivyo haistahili kuitwa mlima wala kufikiriwa kama mlima.

Mimi ni mkazi wa Mtawanya, mkoani Mtwara, nchi tambarare ya mikorosho na minazi iliyo karibu na maingilio ya Mto Ruvuma. Hapa hatuna kilele cha kujivunia. Hata hivyo, nadai kwamba hakuna mahali katika Tanzania panapoeleza maana ya mlima katika maisha ya binadamu kwa uwazi zaidi ya kusini hii. Na nadai vilevile kwamba kwa kutouelewa mlima wetu, dola imewatoza wananchi wake, wanawake hasa, kodi ambayo haimo katika kitabu chochote cha bajeti.

Tuanze na maumbile. Ukitoka pwani kuelekea magharibi, ardhi hupanda taratibu mno hata msafiri asitambue kwamba anapanda. Huo ndio Uwanda wa Juu wa Makonde. Hupita Tandahimba, hufika Newala ukikaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari, kisha hukatika ghafla. Mahali panapoitwa Shimo la Mungu, pale Newala, mtu husimama ukingoni na kuliona bonde la Ruvuma limetandikwa chini yake, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Huko ng'ambo upo uwanda mwingine, pacha wa huu, uwanda wa Mueda. Kaskazini-magharibi, Masasi, mandhari hubadilika tena: majabali makubwa yamechomoza peke yake kutoka nchi tambarare, kana kwamba yamesahauliwa na aliyeyaleta.

Sasa tazama tofauti. Mlima Kilimanjaro huwapa watu maji. Wachaga walichimba mifongo tangu zamani wakayaongoza maji kutoka msituni hadi migombani, na mvutano wa ardhi ukawafanyia kazi bila malipo. Uwanda wa Makonde huyameza maji. Mvua hunyesha vizuri tu, msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, lakini udongo wa mchanga huinywa yote. Juu hakuna mto wa kudumu. Maji hupenya chini kabisa, husafiri gizani, kisha hutokeza kama chemchemi mabondeni, chini ya miteremko. Kwa hiyo, kule kaskazini maji humfuata mtu. Huku kusini mtu huyafuata maji, akiisha kuyapata huyapandisha kwa kichwa chake.

Kwa nini basi binadamu mwenye akili timamu achague kuishi juu ya mlima usio na maji? Hili ndilo swali linalofungua historia nzima ya kusini.

Wamakonde wenyewe walikuwa na jibu katika simulizi ya asili yao, iliyoandikwa na wageni wa Kijerumani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Husimuliwa kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, nayo ikageuka mwanamke. Waliishi karibu na mto, mtoto wao akazaliwa mfu. Wakahama, akazaliwa mwingine mfu. Walipopanda juu uwandani, mtoto wa tatu akaishi. Ndipo ikawekwa amri kwamba kizazi chao kisijenge mabondeni penye maji mengi, kwa sababu huko ndiko yaliko maradhi na mauti. Msomaji anayecheka ngano na azingatie hekima iliyomo: watu ambao hawakuwahi kumwona mbu kwa darubini walijua kwamba bondeni kuna homa na juu kuna afya.

Lakini bondeni kulikuwa na hatari nyingine yenye miguu miwili. Katika karne ya kumi na tisa nchi hii ilikuwa njia ya misafara ya watumwa kuelekea Kilwa, Lindi na Mikindani, na tena uwanja wa mashambulizi ya Wangoni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watumwa waliokombolewa hadi Masasi na kuanzisha makazi chini ya majabali yale. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara, waliyashambulia. Baada ya hapo wamisionari walihamia Newala, juu uwandani. Hawakuwa na ujuzi mpya. Walifuata yale ambayo wenyeji walikwisha kuyafanya. Uwanda ulifunikwa na vichaka vizito ambavyo mgeni asiyejua njia hakuweza kuvipenya, na ukosefu wa maji wenyewe ulikuwa ngome: jeshi la wavamizi haliwezi kukaa siku nyingi mahali pasipo na maji.

Hata dola ya Kijerumani ililitambua hilo. Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekuwa na ngome Luagala, ambayo leo imo wilayani Tandahimba, aliandika barua kwa Kiswahili mwaka 1890 kumkatalia kamishna wa Kijerumani Hermann von Wissmann utii aliotakiwa. Alidumu na msimamo wake hadi mwaka 1899, aliposhindwa akavuka Ruvuma. Simchori Machemba kama malaika. Watawala wa zama zile walikuwa na yao. Ninachosema ni kwamba bila uwanda ule, barua ile isingedumu miaka tisa. Vita vya Majimaji navyo vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, Kilwa. Na tarehe 16 Juni 1960, juu ya uwanda wa Mueda, askari wa Kireno waliwapiga risasi wananchi waliokusanyika kudai haki zao. Mauaji yale yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasadikisha wengi wa Msumbiji kwamba Mreno hatatoka kwa maneno. Ndiyo kusema, huku kusini mlima haukuwa mandhari. Ulikuwa kimbilio, na kutoka katika kimbilio yalizaliwa madai ya uhuru.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kila kimbilio lina bei. Wamakonde walifanya mapatano na mlima: utupe usalama, nasi tutalipa kwa maji. Na anayelipa alijulikana tangu mwanzo. Ni mwanamke mwenye kata na ndoo, ni msichana anayeamka alfajiri kushuka bondeni kabla ya kwenda shule. Mapatano hayo yalikuwa na maana wakati bondeni kulikuwa na mnyororo wa shingoni. Mnyororo umekatwa, bendera imepandishwa, lakini bei ingali inalipwa. Uhuru uliwekewa mwenge kileleni Kilimanjaro. Mwanamke wa Newala alikuwa na haki ya kutegemea kwamba uhuru huohuo utampandishia ndoo ya maji.

Haitakuwa haki kusema hakuna kilichofanyika. Wakoloni wa Kiingereza walianzisha shirika la maji la Makonde katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Finland ilifadhili miradi ya maji Mtwara na Lindi. Mradi wa Makonde unachota maji chanzo cha Mitema, bondeni, na kuyasukuma juu kwa pampu. Lakini msomaji aone ugumu uliopo: kila lita inayofika juu imepandishwa kwa nishati. Umeme ukikatika, maji hukatika. Pampu ikiharibika, maji hukatika. Ankara ya umeme isipolipwa, maji hukatika. Na kila yakikatika, ile teknolojia ya kale isiyoharibika, yaani shingo ya mwanamke, hurudi kazini.

Nimewahi kuambiwa na mtumishi mmoja wa umma, kwa nia njema kabisa, kwamba dawa ni watu washuke mabondeni yaliko maji. Hoja hii ina mvuto wa hesabu, lakini haina mizizi. Juu ndiko yaliko makaburi, shule, zahanati na mikorosho, zao ambalo limeiletea nchi fedha nyingi za kigeni. Aidha, bonde halijawa salama kama tunavyodhani. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma, kilishambuliwa na magaidi kutoka ng'ambo, wale waliokuwa wakiitesa Cabo Delgado tangu 2017. Na huko ng'ambo, maelfu ya waliokimbia makwao walipandia wapi? Wengi walipandia Mueda. Kumbe mlima haujaacha kazi yake ya kale.

Wengine husema gharama ya kupandisha maji ni kubwa mno. Kwao nina jibu fupi. Taifa hili lilijenga bomba la gesi lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, likakamilika mwaka 2015, baada ya machafuko ya mwaka 2013 ambayo mji wa Mtwara haujayasahau. Taifa lililoweza kusafirisha gesi umbali huo haliwezi kudai kwamba limeshindwa kupandisha maji mita mia kadhaa. Kilichopungua si uhandisi. Ni swali la nani anabebewa, na nani anaambiwa ajibebee.

Kusini tunalijua swali hilo. Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 kilichimbwa na Wajerumani, wakatoa zaidi ya tani 200 za mabaki ya mijusi wakubwa wa kale. Mifupa ile ilishushwa hadi bandari ya Lindi vichwani mwa wapagazi wetu, na leo mifupa ya mmoja wao imesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, ikitazamwa na dunia. Hazina ilishuka kwa vichwa vya wanaume. Maji yanapanda kwa vichwa vya wanawake. Karne nzima imepita, na chombo chetu cha usafiri mlimani bado ni fuvu la mnyonge.

Nini kifanyike? Kwanza, nishati ya kusukuma maji milimani ihesabiwe kuwa gharama ya taifa, kama tunavyohesabu barabara. Mwananchi wa Newala asilipie mvutano wa ardhi ambao mwenzake wa Moshi anapewa bure.

Pili, tuivune mvua kwa hesabu. Paa la bati lenye mita za mraba 50, likipata mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 45,000. Hata theluthi moja ikipotea, zinabaki lita 30,000. Kaya inayotumia ndoo tano za lita 20 kwa siku huhitaji lita 20,000 kupita kiangazi cha siku 200. Si kila kaya itamudu kujenga tangi kubwa hivyo, na kwa sababu hiyo serikali ianze na paa zake yenyewe: shule, zahanati, ofisi za kata. Ni aibu jengo la umma lenye bati jipya kumwaga maji mchangani mwezi Machi, kisha mwezi Septemba kuwatuma watoto na ndoo.

Tatu, miteremko na misitu yake ilindwe kama tunavyolinda bomba. Chemchemi ya bondeni ni mvua iliyoingia ardhini huko juu. Kichaka kikifyekwa chote, mvua haisubiri kupenya. Huteremka kwa hasira, ikachimba makorongo na kubeba udongo. Sisi wa pwani tusijidanganye kwamba hayatuhusu. Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea, ukasafiri takriban kilomita 800 hadi kwenye mikoko yetu. Hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, haiwezi kuhifadhiwa kutoka ufukweni peke yake. Mvuvi wa Msimbati anakula kutoka milima asiyowahi kuiona.

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Newala na Mueda zinatazamana ng'ambo na ng'ambo bila kukutana, na mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliufanya mto uliopo kati yao kuwa mpaka. Watu wake hawakuacha kukutana, kwa ndoa, kwa ngoma na kwa ukimbizi. Ni zamu yetu sisi wa nyanda za chini, wenye kalamu, mihuri na mafungu ya bajeti, kukutana na watu wa mlimani. Wanafunzi waandike tasnifu juu ya Makonde, si juu ya Kilimanjaro tu. Wanaharakati waulize, kila bajeti ya maji inaposomwa, ni pampu ngapi zinazozunguka leo, si ngapi zilizozinduliwa. Nanyi watumishi wa umma, kabla hamjaweka sahihi kwenye taarifa isemayo kwamba huduma imewafikia wananchi, pandeni Newala mwezi Oktoba, mkahesabu ndoo zilizoko njiani.